Kiti cha Obonyo

Kiti cha dereva kilikuwa kimesukumwa nyuma hadi mwisho, na Shiundu mwenye gari ni mtu mfupi anayeendesha kana kwamba amekumbatia usukani. Hilo ndilo jambo la kwanza lililomsumbua Nzuki. Alikivuta kiti mbele, akaenda kuchukua testa yake ya kupimia moto, na aliporudi akakikuta nyuma tena. Akajiambia reli imelegea. Mafundi wa umeme wa magari hawana haraka ya kuogopa. Kwao kila shida ina waya wake, na waya hutafutwa.

Ilikuwa Januari ya mwaka 2008, na Kawangware ilikuwa imenyamaza. Pale steji ya 56, ambapo siku za kawaida ungelazimika kupiga kelele ndipo muuza vocha akusikie, palikuwa na majivu ya matairi na mbwa wawili watatu wakizurura. Mbula, mkewe Nzuki, alikuwa amepeleka watoto Kitui kwa Krismasi na hakuthubutu kurudi. Na Obonyo, ambaye walikuwa wameshirikiana naye gereji hiyo ya mabati tangu wote wawili wakiwa na nywele, aliweka spana chini siku ile matokeo ya kura yalipotangazwa, akasema, "Wacha nikaone watoto," akashika njia ya Kibera. Hakurudi. Simu yake ilikuwa mteja, haipatikani asubuhi wala jioni. Nzuki aliipiga hata hivyo, kwa sababu ile sauti ya mashine ilikuwa angalau sauti ya mtu.

Gari la Shiundu lilikuwa limezimika karibu na Kibera na kulala huko peke yake siku zote za fujo. Lilipovutwa hadi gereji, Shiundu alimkabidhi Nzuki funguo na kurudi kwake Nyayo Highrise. "Tengeneza polepole," alisema. "Mimi sitoki nje mpaka nchi itulie."

Ubishi wa gari hilo Nzuki aliujua. Betri ilikuwa nzima, fyuzi nzima, moto ulifika kwenye kompyuta ya injini na waya wa kurudisha moto kwenye bodi ulikuwa safi. Lakini ukifungua swichi, taa ya injini haikuwaka kwenye dashibodi, na ile mashine ya kupimia ukiichomeka iliandika kwamba hakuna mawasiliano. Kompyuta ilikuwa na kila kitu inachohitaji, na bado haikujibu. Mara nyingi kosa huwa si lake. Sensa moja, vile vifaa vidogo vya kupimia joto na mwendo wa injini, ikichubuka waya, hunyonya ule moto mdogo ambao sensa zote hugawana, na kompyuta nzima ikazirai. Dawa yake ni kuchomoa sensa moja baada ya nyingine hadi taa iwake.

Kazi hiyo ni ya watu wawili. Anayechomoa husimama mbele, boneti ikiwa imeinuliwa, kwa hiyo haoni kiti wala dashibodi. Mwenzake huketi kwa usukani. Wa mbele huita, "Weka!" na wa ndani hufungua swichi na kujibu, "Bado!" Taa ikiwaka hujibu, "Iko!" Nzuki na Obonyo walikuwa wameimba wimbo huo miaka mingi, Nzuki mbele, Obonyo kitini akimwita omera, yaani ndugu kwa lugha ya kwao, kiti kikiwa nyuma kabisa kwa ajili ya yale magoti yake marefu.

Sasa Nzuki alikuwa akichomoa, akizunguka, akifungua swichi, akizima, akizunguka tena. Mchana huo jua lilikuwa kali na mgongo ulimuuma. Akiwa ameinama, mkono ndani ya injini, mazoea yakamponyoka.

"Weka!" aliita.

Swichi ikalia, *ka*.

"Bado, omera," sauti ya Obonyo ikajibu.

Furaha ilimjaa Nzuki kabla ya akili kufika. Akacheka, akazunguka boneti mikono ikiwa imejaa grisi, tayari kumtukana rafiki yake kwa kunyamaza siku zote hizo. Kiti kilikuwa kitupu. Funguo zilikuwa zikiningʼinia, zikicheza, na ndani mlitoka harufu ya waya ulioungua, na nyuma yake harufu nyingine, ya udongo uliofukuliwa muda si mrefu. Mlango wa gereji ulikuwa umefungwa kwa kufuli kutoka ndani, kama alivyoufunga mwenyewe.

Alitoka mbio bila viatu. Alienda moja kwa moja kwa Kasyoka, bibi mzee wa Kitui anayeuza makaa nyuma ya ploti yao, ambaye Jumapili huimba kwaya na siku nyingine hutafutwa kwa mambo ambayo kwaya haiyawezi. Obonyo alikuwa akimtania Nzuki kila siku, "Nyinyi watu wa Kitui na majini yenu, siku moja jini litafika hapa liombe kazi." Nzuki alikumbuka utani huo na kuongeza mwendo.

"Susu," alinongʼona, kwa maana ndivyo Wakamba humwita nyanya, "Obonyo amekufa. Nimemsikia kwa gari."

Kasyoka alimsikiliza hadi mwisho, vidole vyake vyeusi vikipanga makaa kwenye mkebe. "Ulimwita?"

"Niliita tu. Ni mazoea."

"Uliita, na kiti hakikuwa na mtu. Gari ililala peke yake huko, ikapata mwenyeji. Umeita mfanyakazi, ameitika." Akatema mate pembeni. "Huyo hana sauti yake, ye huazima. Na haazimi ya maiti. Rafiki yako ako hai mahali, lakini huko aliko sauti inamwisha kidogo kidogo."

"Nifanye nini?"

"Maliza kazi. Gari ikijibu, mwambie aache sauti kwa kiti. Hiyo kwanza. Halafu ndio umwambie ashuke. Ukianza na kushuka, atashuka nayo. Na usichelewe, mwanangu. Kila akikujibu, anaizoea."

Nzuki alirudi kesho yake asubuhi akiwa ameamua. Aliinua boneti, akaita, na sauti ikajibu, na kila ilipojibu ile harufu ya udongo ilizidi. Hatimaye alichomoa sensa iliyokuwa chini karibu na feni, akaona waya wake umechubuka kwenye chuma.

"Weka."

*Ka.* Kisha, kwa ile furaha ambayo Obonyo alikuwa nayo kila gari lilipofufuka, "Ikooo, omera! Iko!"

Hapo ndipo alipopaswa kusema. Maneno alikuwa nayo mdomoni. Lakini nje hapakuwa na mtu hata mmoja anayepita, chumbani kwake kulikuwa na kitanda na sufuria moja, na akafikiri kwamba Kasyoka ni bibi muuza makaa tu, anaweza kukosea, na kama amekosea, kama Obonyo amelala kwenye shimo fulani ambalo hakuna atakayelionyesha, basi hii ndiyo sauti yake yote iliyobaki duniani, naye Nzuki, rafiki yake, ndiye anaifukuza kwa mdomo wake mwenyewe, ili abaki na nani? Akasema kesho. Akairudisha ile sensa mbovu mahali pake, akaikaza vizuri.

"Weka tena," alisema.

"Bado, omera," sauti ikajibu, na safari hii ilikuwa nzito na karibu zaidi, kana kwamba aliyeketi ameegemea usukani kumsogelea.

Basi ikawa hivyo. Watu walianza kurudi steji, maduka yakafunguliwa nusu mlango, viongozi wakapeana mikono kwenye runinga, na Nzuki bado alikuwa akitengeneza gari lile lile. Shiundu alipopiga simu aliambiwa waya ni ngumu kupatikana. Mbula alipopiga kutoka Kitui alijibiwa kwa ufupi. Nzuki aliona haya, lakini hakuacha. Alikuwa amejifunza kutotazama kiti, na kuipenda hata ile harufu.

Mwezi Machi, mchana mweupe, alikuwa ameinama chini ya boneti aliposikia mtu akigonga mabati. Alikuwa ameacha mlango wazi.

"Weka!" alikuwa ameshaita.

"Bado, omera!"

Mwanamke akapiga ukemi. Nzuki aliinua kichwa. Mlangoni alisimama Jael, mkewe Obonyo, mkono juu ya kinywa. Na kando yake alisimama Obonyo mwenyewe, amekonda, shati limemzidi, akilitazama gari.

"Shem," Jael alinongʼona, "nani anaongea na sauti ya bwanangu?"

Nzuki alijipangusa grisi mikononi, akimkodolea Obonyo macho.

"Tulitorokea nyumbani Siaya," Jael akasema, machozi yakimtoka. "Simu iliibwa. Alikuwa sawa kabisa, halafu Januari sauti ikaanza kukauka. Kila siku inapungua. Wamempima kila mahali. Wanasema koo ni sawa, mapafu ni sawa, kila kitu iko sawa. Lakini haitoki. Jana ndio imeisha kabisa. Akaniandikia na kidole kwa mchanga, tuende kwa Nzuki."

Obonyo alifungua kinywa kumsalimu rafiki yake. Misuli ya shingo ilisimama, midomo ikatengeneza jina lake vizuri, na hapakutoka hata pumzi. Kutoka garini kukatoka, kwa upole, "Niaje, omera."

Nzuki alishikwa na woga ambao hakuwa ameujua hata siku ya kwanza, woga uliochanganyika na aibu, kwa sababu sasa alijua jibu la kila "weka tena" aliyoitamka lilikuwa limetoka kooni mwa nani, na mikono yake ikaruka yenyewe ikaichomoa ile sensa, akaibamiza boneti chini, akakipigia kelele kile kiti kitupu, yale maneno aliyoagizwa yakitoka yote kwa pamoja na kugongana na kupotea, ila moja.

"Shuka! Shuka! Shuka kwa gari!"

Mlango wa dereva ukafunguka. Ukafungwa taratibu, kama anavyoufunga mtu mwenye adabu. Hatua ndefu zikapita kwenye kokoto kati yao watatu, zikatoka nje kuelekea 56, na njiani kitu kikakohoa kidogo kusafisha koo.

Gari la Shiundu liliwaka siku hiyo hiyo na halijasumbua tena. Obonyo alirudi kazini. Huketi kitini, na Nzuki akiita yeye hugonga dashibodi, mara moja kwa bado, mara mbili kwa iko. Hajawahi kumwuliza Nzuki lolote, na Nzuki hajamwambia.

Ila jioni, steji ikijaa na makanga wakiitana, kuna sauti moja hupita katikati ya hizo nyingine ikiita, "Omera!" na kucheka. Wote wawili huisikia, na Obonyo ndiye hugeuka kwanza.