Skrini ya Ukutani

Haya hayakunikuta mimi. Yalimkuta swahiba wangu, mtengeneza programu za kompyuta, na akiyasimulia hukasirika kwanza ndipo aogope.

Asubuhi hiyo mwenzake alikuwa akimkagulia kazi kwa mkutano wa video, naye yuko chumba cha pili tu! Bosi ndivyo anavyotaka. Picha inaganda, sauti inakatikakatika, maandishi ni ukungu mtupu.

"Unanisikia?" swahiba akauliza.

"Rudia, kaka!"

Mara ya tano uvumilivu ukamwisha swahiba. "Potelea mbali! Video ni ya walio mbali. Njoo chumba cha mikutano, nikuakisie kompyuta yangu kwenye ile skrini ya ukutani, uone kila herufi."

Wakafunga mapazia, wakazima taa. Giza totoro, isipokuwa mwanga wa skrini hizo mbili. Kuakisi nako, yaani kuonyesha skrini moja kwenye nyingine, kuna kero yake: ukuta huchelewa kidogo. Unabonyeza herufi, ndipo itokee kule. Swahiba akaanza kuandika. Tik, tik, tik.

Mwenzake akamshika bega. "Kaka, mbona ukuta unakutangulia?"

Kweli. Herufi ilitokea ukutani kwanza, ndipo kidole chake kikaifuata.

Swahiba akasonya. "Hata hii nayo imeharibika!" Akainua mikono yote miwili juu.

Ukuta ukaendelea kuandika. Na pale mezani, mbele yao, vitufe vya kompyuta vikaanza kubonyea vyenyewe, kimoja baada ya kingine, vikiufuata ukuta. Tik, tik, tik.