Kidole Ndani ya Giaboksi

Kijiti cha kupimia oili kilitoka kikavu. Émerance alikifuta, akakirudisha, akakichomoa tena: kikavu vilevile, ilhali asubuhi hiyohiyo alikuwa amemimina lita arobaini kwa mikono yake. Chini ya tingatinga hapakuwa na hata tone.

"Papa Vital, mafuta haivuji," alisema. "Iko inapanda ndani ya boîte ya gia, haishuki tena. Gia zinaipiga bure kule juu, ndiyo maana inachemka."

Vital, mwenye gereji, alitikisa kichwa bila kushangaa. Ndiye aliyemchukua Émerance miaka tisa iliyopita, wazazi wake walipofia kwenye barabara ya Mokambo, akamfundisha ufundi na kumlisha meza moja na Ariel, mwanawe wa pekee. Siku Émerance alipomaliza mafunzo, Vital aliuinua mkono wake mbele ya watu, ubavuni mwa tingatinga hilohilo, akasema kwa sauti: "Huyu ni mutoto yangu!" Émerance akalia kwa furaha, maskini wa Mungu.

Chujio walishabadilisha. Rejeta ilikuwa safi, pampu nzima. Bado kila saa sita mchana sindano ya joto ilikimbilia kwenye wekundu na gereji ikanuka nywele zinazoungua. Injini ikizimwa, kitu kiligonga ndani ya giaboksi, polepole, mara tatu. Mafundi wengine walikuwa wameanza kwenda kula mapema.

Siku hiyo walibaki wawili. Walipofungua nati ya chini, zilitoka lita kumi na mbili tu. Émerance akaondoa kifuniko cha pembeni, akaliona tundu ambalo oili hupitia kurudi chini.

"Ingiza kidole, mutoto yangu," Vital alisema, amesimama mbali. "Utasikia kitu kenye kinaziba mule."

Akaingiza. Kitu laini kikakishika kidole, si kwa nguvu, kama mama anavyomshika mtoto wa kuvuka naye barabara, na alipovuta kikakaza, akavuta tena kikakaza zaidi, joto likaanza kumpanda kiganjani, na ile harufu ya nywele ikamjia usoni pamoja na sauti ya chini, tulivu, iliyotoka katikati ya zile gia zilizosimama.

"Wewe ndiye mtoto wa Vital? Alinionyesha wewe mbele ya watu. Kama si wewe, nitajie jina la mwanawe, nikuachie."

Émerance aligeuza shingo. Vital alikuwa amepiga magoti kwenye vumbi.

"Unisamehe," alinong'ona. "Hii machine niliikuta Kilwa, imekufa. Ni huyu wa mule ndani aliifufua. Akaniomba mutoto. Niko na Ariel mumoja tu, Émerance."

"Na mie, papa?"

Vital alijifuta jasho kwa ukosi wa shati.

"Miaka yote tisa ulinilea juu ya hii?"

Vital hakuuliza kama anaumia. Alichouliza, kwa sauti ya woga, ni hiki: "Haukumutaja Ariel?"

Émerance aliacha kuvuta. Joto lilikuwa limefika kwenye kiwiko, na aliwaza jinsi Ariel alivyokaa darasani kule Kasapa saa hii, kijana asiyejua lolote, anayemwita dada tangu akiwa na meno ya utoto, na akajua kwamba hataweza kulitoa jina lile hata mkono wote uungue hadi begani. Lakini kumdanganya yule mzee aliweza.

"Nimemutaja," alisema.

Vital alipiga ukelele. Alijitupa juu ya tingatinga, akabandika mdomo kwenye uwazi wa giaboksi, akalia: "Hapana! Si Ariel! Unikamate mie! Mie, nakuomba!"

Kidole kikaachiliwa. Oili yote iliyobaki ikashuka kwa mkupuo mmoja, baridi kabisa. Vital akateleza akakaa chini, moshi mwembamba ukimtoka kwenye ukosi wa shati, macho wazi, hapumui, na harufu ya nywele sasa ilitoka kwake.

Émerance alikaa kando yake, amekumbatia mkono wake ulioungua, akalia. Si kwa maumivu. Neno lile, "mie", lilimtoka mzee bila kufikiri hata kidogo, na angeweza kulisema kwa ajili ya Émerance pia.