Bembea ya Mbao za Chukudu

Ndayambaje alipomaliza kuezeka upya nyumba yake, juu kidogo ya Kitshanga, katika milima ya Masisi, mkewe alimwomba kitu kimoja tu. Hakuomba kitanda wala kitenge. Aliomba bembea ya kuketi barazani.

"Papa Kétsia, mugongo yangu imekwisha," Emérita alisema. "Miaka mbili nililala juu ya mawe kule kambini. Nitafutie fasi ya kuikala, miguu isiguse chini."

Ndayambaje alikuwa mkulima, si seremala, lakini mikono iliyosimamisha vibanda vitatu kwenye kambi ya wakimbizi haiogopi msumari. Shida ilikuwa mbao. Za sokoni hazikushikika kwa bei. Basi asubuhi moja alipokwenda kukata nguzo kwenye mikaratusi nyuma ya nyumba, akakuta chukudu imelala kwenye magugu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili ambacho vijana hubebea magunia hadi mjini Sake. Aliuliza majirani wote. Hakuna aliyeifahamu. Kamba za kufungia mzigo zilikuwa bado zimekazwa kwa nguvu, fundo juu ya fundo. Mzigo haukuwepo.

Akaing'oa magurudumu. Ubao mpana wa katikati akaupasua kwa msumeno, ukawa kiti. Usukani ukawa pahali pa kuegemeza mkono. Egemeo la mgongo alilipata kwenye mabaki ya paa, na misumari ya zamani akainyoosha juu ya jiwe, mmoja mmoja. Matundu aliyatoboa kwa chuma kilichotiwa motoni, akapitisha kamba ya kufungia ng'ombe chini ya kiti ili uzito uzidi kuikaza, kisha akaining'iniza kwenye boriti ya baraza. Aliipima kwa magunia mawili ya viazi. Haikulia hata kidogo.

Siku ya kwanza Emérita alikaa saa tisa alasiri, ukungu ukianza kuteremka vilimani, akasinzia papo hapo. Alilala saa nzima. Alipoamka alikuwa akihema.

"Umelala muzuri?" mumewe akamuuliza.

"Nimelala, ndiyo. Lakini niko nachoka kuliko mbele ya kulala."

Walicheka. Uchovu wa miaka miwili hautoki siku moja, wakasema. Kesho yake akalala tena, akaamka na malengelenge kwenye viganja vyote viwili. Siku ya tatu mabega yalikuwa yamevimba. Siku ya nne alishindwa kuinua sufuria. Kwenye kituo cha afya walimpima malaria, hawakuona kitu. Muuguzi alimtazama nyayo, akamwambia kwa upole apunguze kutembea mwendo mrefu. Emérita hakuwa ametoka nyumbani juma zima.

"Acha kuikala pale," Ndayambaje akamwambia.

"Nikilala kitandani, usingizi haikuye. Pale njo inakuya." Akainamisha kichwa. "Kuko muntu ananingojea."

Ndayambaje hakuuliza ni nani. Na yeye alikuwa amechoka. Alikuwa amelima tangu alfajiri shamba lililogeuka msitu walipokuwa ukimbizini, na kuna uchovu ambao hauachi nafasi hata ya kuogopa.

Siku iliyofuata alirudi mapema. Saa tisa ilikuwa imepita kidogo. Ukungu ulikuwa umeingia hadi barazani, na Emérita alikuwa amelala kwenye bembea, kichwa kimeanguka mbele. Bembea haikuwa ikiyumba.

Ilikuwa imeinamia mbele, ikabaki hivyo. Kamba zilikuwa zimekwenda mshazari, zimekazwa kama zinavutwa. Hakukuwa na upepo. Miguu yake ilikuwa ikitembea hewani, taratibu, kama ya mtu anayepanda mlima na mzigo.

"Mama Kétsia."

Miguu haikuacha kutembea.

Akamshika bega. Lilikuwa limelowa mvua, wala mvua haikunyesha siku hiyo. Akachomoa panga, akaliweka kwenye kamba. Hapo mkewe akanong'ona, macho yamefumba:

"Usikate. Tutaanguka na yeye."

Panga likamtoka mkononi.

Alisimama pale akimtazama mkewe akihema. Midomo ilikuwa imebadilika rangi. Pumzi zilikuwa zinachelewa, moja, kisha nyingine, kila moja mbali zaidi na ile ya nyuma yake. Kumwamsha hakuweza. Kukata hakuweza. Kilichobaki ni kile ambacho mume yeyote angekifanya akikuta mkewe anasukuma mzigo peke yake barabarani.

Akaketi kando yake.

Usingizi ulimchukua kabla hajaegemea. Aliona njia nyekundu, yenye tope, miti mikubwa pande zote mbili. Haikuwa Masisi. Ilikuwa kule chini, porini, upande wa Walikale, ambako hajawahi kufika. Emérita alikuwa nyuma ya chukudu, peku, anasukuma. Juu ya chukudu palikuwa na mkeka uliokunjwa na kufungwa kwa kamba, fundo juu ya fundo. Ulikuwa na urefu wa mtu.

Mkeka ulikuwa ukipumua.

Aliweka mabega yake kando ya mabega ya mkewe. Wakasukuma. Uzito ule haukuwa wa mtu mmoja.

"Iko mbali bado?" akanong'ona.

"Usiulize," Emérita akajibu. "Ukiuliza inakuwa mbali."

Wakasukuma. Hakuuliza tena. Mwanga haukubadilika. Kiza hakikuingia, jua halikutoka. Mara moja alisikia nyayo nyuma yao, nyingi, zinazoburuta kama za watu walioambiwa wasimame wakakataa. Hakugeuka.

Kisha sauti ya kizee ikatoka ndani ya mkeka, ndogo, imechoka kama wao.

"Njo hapa. Tumefika."

Palikuwa na nyumba ya udongo. Mlango ukafunguliwa kutoka ndani. Mikono ilitoka, mikono tu, ikafungua mafundo bila haraka na kuupokea mkeka. Hakuna aliyewasalimia. Mlango ukafungwa.

Walizinduka pamoja. Ukungu ulikuwa bado barazani. Bembea ilikuwa imening'inia wima, inayumba kidogo, kushoto na kulia, kama bembea yoyote ile. Emérita alimtazama mumewe muda mrefu, kisha akalia bila sauti. Mumewe akampeleka kitandani. Akalala siku mbili, usingizi wa kweli, na mumewe kando yake akisikiliza pumzi zake zikija kwa wakati wake.

Asubuhi ya tatu Ndayambaje alifungua mlango. Juu ya kiti cha bembea palikuwa na kwanga, ule mkate wa muhogo, umefungwa kwenye majani mapana ya porini ambayo hayaoti kwenye mlima wao. Mvuke ulikuwa ukitoka.

Hawakula chakula cha nyumba ile. Waliuacha pale, wakangoja upoe ndipo wautupe. Jioni ulikuwa bado moto. Kesho yake pia. Siku ya nne Emérita aliubeba kwa koleo, wakauzika chini ya uzio wa nyumba.

Hapo majani yameota kama kwingine. Lakini asubuhi, kilima kizima kikiwa kimelowa umande, pale pana pahali padogo pakavu, upana wa viganja viwili. Ukiweka mkono, pana joto.

Emérita hapiti upande ule.