Dumu la Orrin

Ukiwa na kiu kali, ungekunywa maji yenye jina la mwenzio? Usinijibu haraka, sote tuna adabu tukiwa karibu na friji.

Rafiki yangu Rayleen, wa hapa Utah, alikuwa akipanga kutembea korongoni peke yake, aimalize njia ambayo mumewe Orrin alifia kwa kiu kiangazi kilichopita. Huku kwetu jangwani tunaficha maji njiani kabla ya safari, na kila dumu lina jina. Alipokufa, dumu la Orrin halikuonekana.

Alikwenda kuficha maji yake pamoja na Vaughn, mdogo wake Orrin.

"Shemeji, tupite kwingine," Vaughn alisema.

"Masharubu yote hayo, unaogopa giza?"

Korongo lilizidi kubana hadi adhuhuri ikawa giza. Mbele yao plastiki tupu iligonga mwamba, taratibu, kama mtu anayebisha hodi. Hapakuwa na upepo. Rayleen aliwasha tochi. Dumu lilikuwa limesimama katikati ya njia, limeandikwa ORRIN, na mchanga uliolizunguka haukuwa na unyayo wowote.

Vaughn alipiga magoti. Hakumtazama Rayleen, alilielekea giza.

"Niliyanywa mimi, kaka. Nilidhani umeshapita."