Babu wa Wakil Hakuzaliwa

"Wakil, babu yako hayupo."

"Nnajua, Khairiya. Kafariki zamani, Mwenyezi Mungu amrehemu."

"Sikusudii hivyo! Hayupo kabisa. Nimetazama vitabu vya vizazi, vya ndoa, vya vifo. Hakuzaliwa, hakuoa, hakufa. Mtu gani huyo?"

Wakil alikuwa amepiga magoti nyuma ya friji la mteja mtaani Ng'ambo, simu sikioni, bisibisi mkononi, jasho linamchuruzika.

"Labda jina liliandikwa vibaya. Hebu tazama tena wiki ijayo."

Ukweli ni kwamba Kheir bin Miraji, fundi saa wa Mtoni, alizaliwa miezi mitatu nyuma, kichwani mwa Wakil. Siku hiyo fundi friji wetu alikuwa anakunywa chai, akakutana na video mubashara ya ofisi moja ya nyaraka. Khairiya, mfanyakazi anayejibu maswali ya watu mtandaoni, alikuwa anaonesha namna ya kusoma daftari la ndoa la zamani. Kila aliyeuliza alimjibu kwa jina lake, taratibu, kama hana kazi nyengine duniani. Mwisho akasema: "Ukiwa unatafuta wazee wako, tuandikie. Hatumwachi mtu."

Wakil hakuwa anatafuta mzee yeyote. Akaandika.

Na kweli hakuachwa. Kila Jumatatu ujumbe uliingia.

"Leo nimepitia majalada manane. Babu yako ana siri!"

"Pole. Umekula lakini?"

"Nshakula. Wewe?"

"Bado, nilikuwa nnasubiri ujumbe wako."

Sasa Khairiya alikuwa amechoka kutafuta peke yake.

"Basi ntamweka kwenye ukurasa wetu," alisema simuni. "Watu watusaidie."

"Hapana haja, Khair..."

Simu ilishakatwa.

Hadi jioni maoni yalikuwa mia mbili. Bi Tahiya aliandika: "Huyu namjua! Alimtengenezea marehemu mama saa ya ukutani. Alikuwa na jicho moja." Mwengine akamsahihisha: "Macho yalikuwa mawili. Mguu ndio mmoja." Kisha akaja mtu anaitwa Abdulla, kwa herufi kubwa: "KHEIR BIN MIRAJI NI BABU YETU SISI. HUYO WAKIL NI NANI? KAMA ANATAKA SHAMBA LA MTONI AJE TUONANE."

Wakil alisoma, nywele zikamsimama. Mtu aliyemtunga mwenyewe, tena juu ya kikombe cha chai, sasa ana mguu mmoja, shamba na wajukuu wakali.

Asubuhi yake alipigiwa na Bi Amne, mkuu wa ofisi.

"Mwanangu, Jumatano tuna kipindi mubashara. Utakuja kusimulia safari yako ya kumtafuta babu. Khairiya kasema hajapata kuona mtafiti mwenye subira kama wewe."

"Bi Amne, mimi si mtu wa kusema mbele ya watu..."

"Vaa kanzu. Saa kumi kamili."

Akavaa kanzu. Watazamaji walikuwa mia tisa. Khairiya alikaa pembeni yake na faili nene mapajani, na ilikuwa mara ya kwanza Wakil kumwona ana kwa ana. Akazidi kuharibikiwa.

"Tueleze," alianza Bi Amne, "ulimsikia wapi babu yako kwa mara ya kwanza?"

"Kabla hajajibu," Khairiya aliingilia, huku akitabasamu, "nataka kusema kitu. Likizo yangu yote nimeitumia kumtafuta mzee huyu. Sijajuta hata kidogo."

Wakil alilitazama faili lile.

"Babu huyo sina," alisema.

"Unasemaje?" aliuliza Bi Amne.

"Nilimtunga. Hakuna Kheir bin Miraji. Nilitaka Khairiya anijibu tu. Kisha akanijibu, nikataka anijibu tena."

Bi Amne, kwa kupigwa na butwaa, akajikuta anasoma maoni kwa sauti: "Abdulla anasema, 'Muongo! Babu yetu yupo!'"

Maoni yakajaa vicheko. Khairiya hakucheka.

"Kuna bibi wa Makunduchi anatafuta alipozikwa kaka yake," alisema. "Nimemwambia asubiri. Miezi mitatu anasubiri, Wakil, kwa ajili ya babu yako."

Akachukua mkoba wake akatoka. Alipofika nyumbani alizuia namba ya Wakil.

Mama yake Wakil, Bi Ummy, alikuwa ametazama kipindi chote. Alimngoja mwanawe mlangoni.

"Umebuni babu! Na bibi yako wa kweli hujaniuliza hata siku moja. Mama yangu alifariki mimi nnanyonya. Sura yake siijui. Hilo halikukushughulisha?"

Siku ya pili Wakil akamchukua mama yake wakaenda wote ofisini.

"Jina?" aliuliza Khairiya bila kuinua uso.

"Wakil."

"La anayetafutwa!"

"Time binti Simai. Wa Makunduchi."

"Huyu alizaliwa kweli, au nisubiri Jumatano?"

"Binti yake yuko hapa nyuma yangu. Muulize mwenyewe."

Khairiya akainua uso, akasimama haraka.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Huyu muongo, lakini mimi si muongo. Nnamtafuta mama yangu."

Khairiya aliliandika jina.

"Tutamtafuta, Bi. Lakini yule bibi wa kaka yake yuko mbele yenu."

"Basi nipe na mimi daftari," alisema Wakil. "Tuanze na huyo kaka."

Akapewa penseli, maana kalamu ya wino hairuhusiwi mle ndani, na kila Jumamosi akakaa anapekua. Mbili za mwanzo Khairiya hakumsemesha ila kumwambia "Polepole, utachana." Ya tatu alimpa chai nje ya chumba. Ya nne wakampata kaka wa yule bibi, na Wakil ndiye aliyemwona. Ya saba, katika kitabu cha ndoa, wakasoma: Time binti Simai, mahari msahafu na cherehani. Chini yake alama ya dole gumba.

Wakaenda kumwita Bi Ummy. Aliinama juu ya karatasi, akaleta dole gumba lake karibu na lile la wino, bila kuligusa.

"Umbo lilelile," alisema, na machozi yakamshuka. "Mama yangu huyu."

Khairiya alitoka nje kufuta macho. Wakil akamfuata.

"Nina swali jengine."

"La kweli?"

"La kweli."

"Maswali ya namna hiyo ofisi haiyajibu," alisema Khairiya. "Yanajibiwa na baba yangu. Yupo nyumbani baada ya alasiri."

Nikaha ilifungwa mwezi wa Rajabu, msikitini, kisha kadhi akapeleka kitabu cha ndoa nyumbani kwa bibi harusi atie saini. Wakil alikuwa ameshaletewa sinia la biriani pale Khairiya alipompigia simu.

"Kitabu kimefika. Jina lako nimelisoma mara tatu nimeshindwa. Njoo uliandike upya, wajukuu wetu wasije wakahangaika."

Wakil akanawa mikono, akaacha biriani, akaenda.