Bango la Babu Lililoangushwa na Upepo

Kila asubuhi Annika Tveit alisimama kando ya barabara, mkoba mgongoni, akisubiri basi la shule. Mashamba ya alizeti yalikuwa yamekauka, na upepo wa Oktoba ulivuma juu ya tambarare za Dakota, huko Marekani, bila kitu cha kuuzuia. Dereva, Bi Lorna Kessler, alimfungulia mlango na kumwambia, "Panda upesi, binti, kabla hujapeperushwa."

Annika alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Aliishi na wazazi wake na babu yake, Orville, ambaye alikuwa seneta katika bunge la jimbo tangu kabla mama yake Annika hajaolewa. Mwaka huo wananchi walitakiwa kuamua kwa kura kama wabunge wa jimbo wawekewe ukomo wa miaka minane, kisha wawaachie wengine. Wengi wangesema ndiyo, babu angemaliza muhula wake na kurudi nyumbani. Kwao hakuna aliyetaka hata kuisikia habari hiyo.

Ndiyo maana Annika alipigwa na butwaa kwenye mkutano wa hadhara, alipomwona Bi Kessler akisimama kuunga mkono ukomo huo. Bi Kessler alisema kwa upole kwamba vijana wa mji wameacha hata kufikiria uongozi, kwa sababu viti haviachwi wazi. Annika alihisi kama amechapwa kofi. Tangu siku hiyo alipanda basi bila kusalimia.

Jumamosi moja, akiwa juu ya baiskeli, alimwona Bi Kessler ameinama kando ya barabara, ameshika bango la babu la kupinga ukomo. Upepo ulikuwa umeling'oa. Bi Kessler alichukua nyundo garini mwake, akalipigilia tena ardhini, akaenda zake. Annika aliona yote, mwanzo hadi mwisho.

Jioni, wakila, babu alilalamika kwamba mabango yake kadhaa yametoweka.

"Nilimwona Bi Kessler ameshika moja," Annika alisema.

Mama yake aliweka uma chini. Babu alimtazama. "Una hakika ni Lorna?"

"Nina hakika, babu."

Kila neno alilosema lilikuwa kweli, ila hadithi aliikata katikati. Alidhani mambo yangeishia pale mezani. Lakini kesho yake babu alihojiwa kwenye redio ya mji, na kwa hasira akasema kwamba wapinzani wake wanang'oa mabango, na kwamba hata Lorna Kessler, anayeendesha basi la watoto, ameonekana.

Jumatatu mlango wa basi ulipofunguliwa, kwenye usukani alikaa mwanamume ambaye Annika hakuwahi kumwona.

"Bi Kessler yuko wapi?" alimuuliza Trygve, mwanafunzi mwenzake.

"Wewe hujasikia, na babu yako ndiye aliyesema? Amesimamishwa kazi. Wazazi wamepiga simu shule, hawataki mwizi awabebee watoto. Na kuna mtu amevunja kioo cha gari lake kwa jiwe."

Annika aliketi kiti cha nyuma peke yake. Siku nzima mwalimu alifundisha, naye hakusikia kitu.

Aliporudi alimkuta babu barazani akisafisha viatu vyake. Hakungoja hata avue mkoba. "Babu, hakuling'oa. Upepo uliliangusha, yeye akalisimamisha. Nilimwona na nyundo."

Uso wa babu ulibadilika rangi. "Ulijua hivyo uliponiambia?"

"Nilijua. Sikutaka uondolewe bungeni."

Babu aliweka kiatu chini. Akasema, "Na mimi sikuuliza zaidi, kwa sababu nilipenda nilichosikia. Vaa koti. Twende."

Gari la Bi Kessler lilikuwa uani, dirisha limezibwa kwa plastiki. Babu alivua kofia mlangoni akaomba radhi, kisha akamwacha Annika aseme mwenyewe. Annika alisema yote. Bi Kessler alivuta kiti akaketi.

"Kwa hiyo ulikuwa pale," alisema taratibu. "Uliniona nikigongelea."

"Nilikuona. Nisamehe, Bi Kessler. Lakini kwa nini ulilisimamisha, na wewe unamchukia babu?"

"Nani kakwambia namchukia? Nimempigia kura kila mara, na akigombea tena nitampigia tena. Ndiyo maana naitaka hiyo sheria. Mimi mwenyewe sitaweza kumwacha."



Kesho yake babu alirudi redioni. Wasaidizi wake walimsihi asubiri mpaka kura ipite, akakataa. Aliwaambia wananchi kwamba Lorna Kessler hakufanya kosa lolote, na kwamba yeye, Orville Tveit, alimchafulia jina bila kuuliza vizuri. Shule ilimrudisha Bi Kessler kazini wiki hiyohiyo. Babu alilipia kioo, na Annika alikwenda mwenyewe kwa wanafunzi wenzake, mmoja mmoja, kuwaambia ukweli. Baadhi walimcheka. Wengine walikataa kuongea naye kwa muda mrefu.

Kura ilipohesabiwa, waliotaka ukomo walishinda kwa tofauti ndogo. Annika alilia. Aliuliza kama babu ameshindwa kwa sababu yake.

"Sijui, na hakuna atakayejua," babu alijibu. "Lakini sikiliza. Uliniambia nusu ya ulichokiona, nami nikawa mwongo mbele ya mji mzima bila kujua. Ukisema jambo juu ya mtu, lifikishe mwisho wake, hata kama mwisho huo haukupendezi. Mimi nitaondoka bungeni na bado nitakuwa babu yako. Lorna angebaki anaitwa mwizi, na jina hilo halina kura ya kuliwekea ukomo."