Punda wa Kijenge

Jumatatu, saa tatu kasoro dakika kumi asubuhi, kompyuta zote kumi na nne za Kituo cha Ngao, pale Kijenge, zilizimika kwa pamoja. Zilipowaka tena zilionyesha picha moja tu: punda mwenye meno makubwa, anacheka. Hati za mashamba za wakulima wote wa Kikwe, ambazo kituo hicho huzitunza, zilikuwa zimefungiwa nyuma ya punda huyo.

Inspekta Namnyaki alifika saa nne na robo, akamtazama punda, akabana kicheko. Mkurugenzi Ebenezer hakuwa na hamu ya kucheka.

"Mhalifu ninaye tayari," alisema, akimnyooshea kidole fundi wake, Omary. "Neno la siri la mfumo tunalijua watatu: mimi, katibu wangu Eunike, na huyu. Mchukue."

"Afande, Jumamosi naoa!" Omary alilalamika. "Mbuzi watatu wa pilau wameshanunuliwa. Nikilala mahabusu, Siwema aolewe na hao mbuzi?"

"Tulia, bwana harusi. Nionyeshe kumbukumbu za mfumo."

Omary alimfungulia. Jumapili, saa kumi jioni, mtu alijaribu kuingia kwa neno Yohana635. Alikataliwa mara tatu. Jumatatu, saa mbili na dakika arobaini asubuhi, aliandika Mika68. Mlango ukafunguka.

"Haya ni maneno ya siri au mahubiri?" Namnyaki aliuliza.

Eunike aliinamisha uso. "Mfumo unadai neno jipya kila wiki, afande. Kichwa changu kitabeba mangapi? Basi kila Jumapili nachukua neno la kwenye kalenda yetu ya usharika."

Kalenda ya Kilutheri ilining'inia juu ya birika la chai. Neno la wiki: Mika 6:8.

"Kuna mtu uliyemwambia?"

"Hapana! Labda yule Gadiel anayeuza mitambo ya ulinzi wa kompyuta. Wiki iliyopita nilimtania kwamba sisi tunalindwa na Neno la Jumapili. Ila kalenda hakuiona siku hiyo, tulikuwa nje."

"Na leo?"

"Leo alikunywa chai hapa mezani kwangu, akimngoja bosi."

Namnyaki alikwenda getini kusoma daftari la wageni. Gadiel aliingia saa mbili na nusu. Hakuwa ametoka bado. Alikuwa ukumbini, suti imenyooka, kompyuta yake ya mkononi magotini, akisubiri kuombwa msaada. Inspekta akawaita wote huko.

"Jana jioni ulikuwa wapi, kaka?"

"Jana ilikuwa siku ya Bwana, dada inspekta. Asubuhi misa parokiani, Usa River. Ninaimba besi. Jioni nilipumzika nyumbani."

"Besi! Basi ulisikiliza vizuri. Neno la jana lilikuwa lipi?"

"Yohana sita, thelathini na tano," alijibu upesi, kama mwanafunzi anayetaka alama.

Wa kwanza kucheka alikuwa Omary.

"Mwenye ufunguo habahatishi mlangoni," Namnyaki alisema. "Hawa watatu wasingekosea hata mara moja. Aliyekosea alijua tu kwamba ni neno la Jumapili, akasoma kalenda ya kwao, ya Kikatoliki. Leo ukakaa chini ya kalenda ya Eunike, na dakika kumi baadaye mlango ukafunguka. Tufungue kompyuta yako?"

Gadiel alilegeza tai. "Mara tatu nimeleta mtambo mpya, mara tatu mkurugenzi amenijibu wa zamani unatosha! Nilitaka mwone ukuta wenu ni wa matope. Kisha mnipigie simu."

"Matope ni kweli," alisema Namnyaki. "Lakini aliyeubomoa ni wewe."

Kufikia saa saba mchana Gadiel alikuwa ameufungua mfumo mwenyewe, pingu zikimsubiri mezani. Hati zote zilirudi. Ebenezer alimshika Omary mkono, akamwomba radhi mbele ya watu, akaahidi mbuzi wa nne. Akaamuru pia kuanzia siku hiyo kompyuta yenyewe itunge neno la siri, herufi kumi na sita, lisiloandikwa popote.

Namnyaki alipokuwa akiaga aliigeuza kalenda. Nyuma yake, kwa penseli iliyochongwa vizuri, zilikuwapo herufi kumi na sita.

"Eunike!"

"Lakini nimeandika kwa herufi ndogo sana, afande!"